Kijiko cha damu, na mengine yasemwayo kuhusu utafiti hospitalini

"Hao wanauza damu." Ndilo la kwanza utakalolisikia kwenye benchi la kliniki, mara tu mtafiti mwenye fomu ya ridhaa akishapita. Mumiani wa bibi zetu siku hizi kavaa koti jeupe. Haya, tupige hesabu. Kichupa cha kawaida cha maabara ni mililita 5 hivi, yaani kijiko cha chai. Mtu mzima ana kama lita 5 mwilini. Anayechangia benki ya damu hutoa karibu nusu lita, akanywa soda yake akaenda zake, wala hatumwiti mtu mumiani. Na hata kwa hicho kijiko, fomu lazima iseme kitachukuliwa mara ngapi, kitapimwa nini, na kama kitahifadhiwa. Isiposema, uliza. Aliyekuletea hana haki ya kununa.

"Utafiti ni kujaribiwa dawa." Mara nyingi dawa haipo kabisa. Muhimbili wamekuwa wakiwafuatilia wagonjwa wa selimundu tangu 2004: uzito, wingi wa damu, mtu kalazwa mara ngapi kwa maumivu. Kinachochunguzwa ni ugonjwa unavyokwenda kwa watu wa hapa.

"Ukishasaini umejifunga." Hujajifunga. Unajitoa siku yoyote, bila kutoa sababu, na matibabu yako ya kawaida yanaendelea. Asiyejua kusoma husomewa mbele ya shahidi asiye wa timu ya utafiti, ndipo aweke dole gumba. Ila hofu hii ina historia. Tuskegee, Marekani, kuanzia 1932 hadi 1972, mamia ya wanaume Weusi wenye kaswende walifichwa ukweli na kuachwa bila tiba, hata penisilini ilipokwisha kupatikana. Zile kurasa za fomu zinazotuchosha zimetokana na aibu za namna hiyo. Leo Tanzania utafiti wa afya hauanzi bila kibali cha kamati ya maadili, na ule wa kujaribu dawa hupitia pia TMDA, mamlaka ya serikali inayosimamia dawa.

"Bahati yangu, nimepata dawa mpya!" Hii dhana haina mnong'ono, husemwa kwa tabasamu, na mimi inanitisha kuliko mumiani. Dawa ingekuwa imeshajulikana kuwa bora, ya nini kuitafiti?

Chukua utafiti ulioitwa FEAST. Mtoto analetwa ana homa kali, kazidiwa, mikono na miguu ya baridi, damu haizunguki sawasawa. Nchi tajiri zilifundisha kwamba huyo apewe maji mengi ya dripu, upesi. Hospitali sita zikalipima jambo hilo: Mulago, wanakojifunzia madaktari wa Makerere, pamoja na Mbale, Soroti na Lacor huko Uganda, Kilifi, Kenya, na Teule ya Muheza. Watoto zaidi ya 3,000 waligawanywa kwa kura: wengine dripu ya haraka, wengine ya polepole tu, na wote wakipata dawa nyingine walizohitaji. Mzazi gani asingeomba mwanawe aangukie dripu ya haraka?

Januari 2011 uandikishaji ulisimamishwa, kwa ushauri wa kamati huru iliyokuwa ikikagua takwimu kazi ikiendelea. Katika kila watoto 100 waliopewa dripu ya haraka, 10 au 11 walifariki ndani ya saa 48. Kwa wale walioonekana kupunjwa, walikuwa 7.

Kwa hiyo ukiletewa fomu, swali la kuuliza ni hili: nikiangukia kundi lile jingine, nitatibiwaje? Jibu unapaswa kulipata kabla ya kalamu.

Na ile nauli wanayokupa? Ni nauli, na kifuta jasho cha siku uliyoipoteza. Kiasi chake nacho hupitiwa na kamati, kisiwe kikubwa hata mwenye shida akasaini kwa sababu ya pesa.