Nauli ya shahidi hulipwa kabla, si baada

"Wakili, mimi siwezi kununua shahidi. Aje kwanza aseme ukweli, ndipo nitamshukuru." Wiki hii nimeambiwa hivyo tena, na mama mwenye madai ya haki kabisa, nilipomwambia alipe mapema nauli ya shahidi wake. Nimechoka kulijibu hili kwa simu, mteja mmoja mmoja, kwa hiyo naliandika hapa.

Kwa mashauri ya madai Tanzania Bara, jibu liko kwenye Amri ya XVI ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33. Kanuni ya 2 inamtaka anayeomba samansi ya shahidi, yaani hati ya mahakama ya kumwita, alipe kwanza mahakamani fedha ambazo mahakama inaona zinatosha kumleta shahidi na kumrudisha kwake, pamoja na kumkimu kwa siku moja ya kuhudhuria. Analipa kabla samansi haijatolewa. Kanuni ya 3 inasema shahidi apewe fedha hizo wakati uleule anapokabidhiwa samansi mkononi. Wakenya watakuta maneno karibu yaleyale kwenye Amri ya 16 ya Kanuni zao za 2010, maana wote tumeyarithi kutoka sheria ya India ya 1908; sisi tuliyaingiza kwenye sheria yetu wenyewe mwaka 1966. Chanzo chake ni cha kale zaidi. Bunge la Uingereza la 1563 liliweka adhabu ya pauni 10 kwa shahidi asiyetokea, na likaweka sharti kwamba awe amepewa kwanza fedha za gharama zake.

Kesi za jinai siziingizi hapa. Shahidi wa Jamhuri huitwa na Jamhuri, wala si wewe wa kumgharamia.

Sasa tazama mama alivyoligeuza jambo. Anaona kulipa kabla ni rushwa, na kulipa baada ni usalama. Ni kinyume kabisa! Fedha iliyotangulia haina masharti: shahidi ameipata, ataitumia kwa basi, na akisimama mbele ya hakimu anaweza kusema lolote, hata la kukuangusha, wala huwezi kumdai. Fedha inayosubiri ndiyo yenye sumu. Mpe wakili wa upande wa pili dakika mbili za kumhoji shahidi wako:

"Umelipwa chochote kuja hapa?"
"Bado."
"Utalipwa lini?"
"Nikishamaliza kutoa ushahidi."
"Na nani?"
Shahidi anamwangalia mama.

Ushahidi huo umekwisha kudhoofika, hata kama kila neno lake lilikuwa kweli. Linganisha na yule anayejibu, "Nilipewa nauli siku niliyopokea samansi, na stakabadhi iko kwenye jalada." Baada ya jibu hilo hakuna swali la kufuata. Nawaomba wateja wangu walishike hili kuliko vyote nitakavyosema, kwa sababu watu waaminifu wanapoteza mashahidi wazuri kwa kuogopa rushwa, huku wanafanya kitu pekee kinachofanana nayo.

Kuna wengine wanaosema samansi ni amri ya mahakama, kwa hiyo shahidi atakuja tu, nauli ni juu yake. Chukua kesi iliyo Morogoro na shahidi anayeishi Mbeya. Basi linakula siku nzima. Atalala Morogoro, asubuhi aende mahakamani, na ikipigwa saa tisa bado hajaitwa, atalala tena. Hati ya kumkamata asiyetokea hutoka pale anapokaidi bila sababu ya kisheria. Nani atasimama kumwambia hakimu kwamba mtu asiyepewa nauli ya safari hiyo amekaidi? Mimi siwezi. Isitoshe, kanuni ya 4 iko upande wa shahidi. Mahakama ikiona fedha iliyolipwa haitoshi, au shahidi amezuiwa zaidi ya siku moja, inaweza kuamuru iongezwe. Usipoongeza, inaweza kukamata na kuuza mali yako inayohamishika, au kumruhusu shahidi aende zake bila kutoa ushahidi. Na usidhani utaponea kwa kumwacha. Tangu kesi ya Hemedi Saidi dhidi ya Mohamedi Mbilu, 1984, inajulikana kwamba ukishindwa kumwita shahidi muhimu, mahakama inaweza kuamini kwamba angesema mambo ya kukuumiza.

Kuna jambo moja linanisumbua, na sijaona kitabu kinacholikabili. Kanuni inataja gharama za safari na gharama nyingine. Mtaalamu, kama mhandisi au mthamini, anaruhusiwa kulipwa hata muda na kazi yake. Je, mama ntilie aliyefunga biashara siku tatu ili aje aseme alichokiona? Kipato chake kilichopotea ni gharama au si gharama? Mimi naona ni dhuluma kumrudisha na nauli tupu, na huwa naiomba mahakama izingatie. Lakini ukinibana nikuonyeshe mstari uko wapi hasa kati ya kumfidia mtu siku zake na kumshawishi aje, sina jibu ninaloweza kuliapia. Ndiyo maana napenda kiasi kipangwe na mahakama, si na mteja na shahidi wakiwa peke yao kwenye simu.

Kinachotokea mara nyingi, tuseme kweli, ni kwamba mteja anakabidhiwa samansi aipeleke mwenyewe, hakuna anayetaja kiasi, na nauli inaenda kwa simu. Ikibidi iwe hivyo, tuma kabla ya safari, kwa hesabu inayoelezeka: nauli kwenda na kurudi, malazi, chakula. Usizidishe. Tunza ujumbe wa muamala na tiketi. Mwambie shahidi akiulizwa ataje kiasi bila kuficha.

Kama unachohitaji ni nyaraka tu, omba samansi ya kuleta nyaraka. Aliyeitwa anaweza kumtuma mtu mwingine azilete, na umeokoa gharama kubwa.

Ukishinda na kupewa gharama za kesi, unazo siku 60 za kuwasilisha madai ya gharama hizo, na fedha za mashahidi zinaingia humo. Afisa wa mahakama anayekagua madai hayo akitaka stakabadhi, "nilimshukuru" haitasaidia.