"Tanzania Visiwani" maana yake nini?

"Tanzania Visiwani" ni jina lililokuwa likitumika rasmi kuitaja Zanzibar ndani ya Muungano, likiwa pacha wa "Tanzania Bara". Mpaka leo utalisikia kwenye taarifa za habari, na wengi wanaolisema hawana nia mbaya. Lakini litamke barazani, Unguja au Pemba, hukosi mtu wa kukusahihisha: sema Zanzibar.

Tarehe 26 Aprili 1964 ziliungana Jamhuri ya Tanganyika na Jamhuri ya Watu wa Zanzibar. Kwanza dola mpya ikabeba majina yote mawili, na kabla ya mwaka kwisha ikaitwa Tanzania. Ikabaki shida ya kuutaja kila upande peke yake. Tanganyika likawekwa kando, likaja Bara, na Zanzibar nayo ikapata jina la kulingana na hilo.

Kijiografia jina hili halikai sawa. Mafia ni kisiwa katika bahari hii hii, na kilikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar mpaka 1890 kilipochukuliwa na Wajerumani. Leo ni wilaya ya Mkoa wa Pwani, kwa hiyo kinahesabiwa Bara. Ukerewe nacho ni kisiwa, ndani ya Ziwa Victoria. Hakuna aliyewahi kuviita hivyo Tanzania Visiwani.

Linaloniuma mimi khasa ni la lugha. Ile -ni ya mwisho inaonyesha mahali tu, kama shambani, sokoni, baharini. Kutokana na Zanzibar tunapata Mzanzibari, Unguja inatoa Muunguja, Pemba Mpemba, na hata Bara watu wanasema Mbara. Visiwani haitoi mtu. Sijapata kumsikia anayejiita "Mvisiwani", na wala halikai mdomoni. Ukimwita mtu kwa mahali alipo na ukaliacha jina la kwao, umeshamuondolea sehemu ya nasaba yake, hata kama hukukusudia.

Katiba ya Muungano yenyewe imeshaliacha. Sasa inaandika "Tanzania Zanzibar", na ibara ya 151 inalitaja Tanzania Visiwani kuwa ni jina la awali.

Mvutano haukuishia hapo, ulihamia kwenye neno "nchi". Ibara ya 1 ya Katiba hiyo inasema Tanzania ni nchi moja. Mwaka 2008 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alisema bungeni kwamba Zanzibar si nchi, na visiwa vikachemka. Mwaka 2010, Marekebisho ya Kumi ya Katiba ya Zanzibar ya 1984 yakatamka kuwa Zanzibar ni nchi, na ni miongoni mwa nchi mbili zinazounda Jamhuri ya Muungano. Katiba zote mbili zinafanya kazi mpaka leo. Anayedhani hayo ni mambo ya wanasheria tu awaulize wapenzi wa mpira: Machi 2017 Zanzibar ilikubaliwa kuwa mwanachama kamili wa CAF, shirikisho la mpira la Afrika, na Julai uanachama ukafutwa kwa hoja kwamba nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili vya mpira.

Kuna kosa jengine, na hili tunalifanya hata wenyewe. Ramani nyingi za kigeni zinaandika "Zanzibar" juu ya kisiwa cha Unguja peke yake, Pemba ikawa kitu cha pembeni. Nasi tumelizoea, mtu akitoka Pemba tunamuuliza, "Umekuja lini Zanzibar?" Zanzibar ni Unguja, Pemba na visiwa vidogo vilivyovizunguka, Tumbatu na Kojani vikiwemo. Anayepanda meli bandari ya Mkoani, Pemba, kuja bandari ya Malindi mjini Unguja, anakwenda Unguja. Zanzibar alikuwapo tangu nyumbani kwake, na kitambulisho chake cha Mzanzibari Mkaazi ni kile kile anachobeba mtu wa Mkunazini, mjini Unguja.