Shahada ya Uzamili ya Kiingereza Nchini Marekani: Masharti Yaliyo Nje ya Darasa

Anayeuliza masharti ya kupata shahada ya uzamili ya Kiingereza katika chuo kikuu cha Marekani kwa kawaida hujibiwa kwa namba moja: krediti 30, krediti ikiwa ni kipimo cha uzito wa kozi. Jibu hilo ni la kweli, ingawa idara nyingine hudai 33 au 36, lakini linaficha jambo ambalo sisi tunaowashauri wanafunzi wa ngazi hii tunalikuta mara kwa mara. Wanaokwama hawakwami sana darasani. Hukwama kwenye masharti yanayokaa pembeni ya darasa, yaani lugha ya pili, mtihani wa jumla, tasnifu na taratibu za usajili za muhula wa mwisho, na ndiyo sababu makala haya yatapita haraka kwenye kozi na kukaa zaidi huko pembeni.

Kwanza jina lenyewe. Idara ya Kiingereza nchini Marekani si mahali pa kufundishia lugha kwa wasioijua. Ni idara ya fasihi iliyoandikwa kwa Kiingereza popote duniani, pamoja na balagha, nadharia za uhakiki, ufundishaji wa uandishi na, katika vyuo kadhaa, isimu. Sisi wa Afrika Mashariki tumezoea mgawanyo mwingine. Oktoba 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walitoa waraka huko Nairobi wakitaka Idara ya Kiingereza ifutwe na nafasi yake ichukuliwe na idara ambayo fasihi ya Afrika ingekuwa kitovu chake, na hadi leo ni kawaida katika eneo letu kukuta fasihi na isimu zikikaa katika idara mbili tofauti. Kwa hiyo mhitimu ambaye cheti chake kimeandikwa Fasihi au Isimu asijitoe mapema, kwa kuwa kamati ya udahili husoma orodha ya kozi alizosoma na si jina la idara iliyomfundisha. Anayepaswa kusita ni yule ambaye haja yake ni nyingine kabisa. Anayetaka kufunzwa kuandika riwaya na mashairi atafute programu ya MFA, na anayetaka kufundisha Kiingereza kwa wageni atafute ile iitwayo TESOL, hata kama zote mbili zinakaa katika jengo moja na hii.

Sharti la msingi la kuingia ni shahada ya kwanza yenye kozi za kutosha za Kiingereza au fasihi, na wastani usiopungua 3.0 katika kipimo cha Marekani ambacho kilele chake ni 4.0. Hapa ndipo waombaji wengi wa kwetu wanapoumia bila sababu. Vyuo vikuu vya Tanzania hutumia kipimo cha hadi 5.0, ambapo 3.5 ni mwanzo wa daraja la pili la juu. Mwombaji anayejaza 3.5 kwenye fomu bila kutaja kipimo huonekana amefaulu kuliko alivyofaulu, na jambo hilo likibainika linaweza kuchukuliwa kuwa udanganyifu. Mwingine hupiga hesabu ya uwiano, akagawanya kwa 5 na kuzidisha kwa 4, akapata 2.8, kisha akakata tamaa wakati shahada yake ni ya daraja zuri. Mkenya naye hukabiliwa na tatizo la aina hiyohiyo, kwa sababu alama 70 ambayo kwao ni A, katika macho ya Mmarekani asiyeijua Kenya ni alama ya C. Wote wawili wasibadilishe alama kwa mikono yao. Waziandike kama zilivyo, waambatishe ukurasa wa transkripti unaoeleza madaraja, na pale chuo kinapodai tathmini rasmi, kazi hiyo ifanywe na taasisi inayotambuliwa na chuo chenyewe, kama vile World Education Services.

Lipo pia swali la miaka. Baadhi ya vyuo husema vinataka shahada ya kwanza ya miaka minne, na Mtanzania aliyesoma mitatu hudhani mlango umefungwa. Hesabu kamili inamtetea: miaka 7 ya msingi, 4 ya sekondari, 2 ya kidato cha tano na cha sita na 3 ya chuo ni miaka 16, sawa na Mmarekani aliyesoma 12 kisha 4, na sawa na Mkenya wa mfumo wa 8-4-4. Barua fupi inayoeleza hesabu hiyo iwekwe pamoja na maombi kabla swali halijaulizwa.

Nyaraka nyingine zinajulikana: barua tatu za wahadhiri wanaoijua kazi ya mwombaji, maelezo ya nia ya masomo, matokeo ya TOEFL au IELTS, mitihani ya kupima Kiingereza cha wageni, kwa ambao hawajasamehewa, na sampuli ya uandishi wa kitaaluma yenye kurasa 10 hadi 20. Mtihani wa GRE, ule wa kuingilia masomo ya uzamili Marekani, umeondolewa na idara nyingi, na ule wa somo la fasihi ya Kiingereza ulisitishwa mwaka 2021, kwa hiyo anayeuandaa kwa kufuata ushauri wa zamani anapoteza muda. Kati ya nyaraka zote, sampuli ndiyo yenye uzito mkubwa kwa kamati ya walimu wa fasihi, kwa kuwa inawaonyesha kama mwombaji anaweza kujenga hoja kutokana na matini badala ya kusimulia kilichotokea katika riwaya. Sura ya tasnifu ya shahada ya kwanza iliyokatwa na kuandikwa upya huwa bora kuliko insha mpya ya haraka.

Baada ya kuingia, krediti 30 ni sawa na kozi 10, kila moja ikiwa na krediti 3. Kwa tafsiri inayotumika Marekani, krediti moja ni takriban saa moja ya darasa na saa mbili za kujisomea kila wiki kwa muhula wa wiki kama 15, hivyo kozi tatu, ambazo ndizo mzigo wa kawaida wa mwanafunzi wa muda wote, zinafika saa 27 kwa wiki kwenye karatasi. Semina za uzamili huvuka kiwango hicho kwa urahisi, kwa sababu riwaya moja kwa wiki pamoja na makala za uhakiki ni jambo la kawaida, na mwisho wa muhula kila semina hudai makala ndefu inayofuata utaratibu wa marejeo wa Modern Language Association, chama cha wanataaluma kilichoasisiwa mwaka 1883. Mwanafunzi hutakiwa kudumisha wastani wa B, na C katika ngazi hii ni onyo zaidi kuliko alama, kwa kuwa katika idara nyingi kozi iliyopata C ama haihesabiwi au huhesabiwa moja tu. Idara nyingi pia hulazimisha kozi ya mbinu za utafiti na angalau kozi moja au mbili za fasihi ya kabla ya mwaka 1800. Hilo la mwisho lifanywe mapema. Mhitimu wetu aliyelelewa kwenye fasihi ya Afrika ya karne ya 20 hukutana na Kiingereza cha karne ya 14 kama lugha ngeni, na hakuna sababu ya kukutana nacho muhula uleule anaoandika tasnifu.

Sasa masharti ya pembeni, na la kwanza ndilo linalowashangaza watu: shahada ya Kiingereza hudai lugha nyingine. Si kila idara inayolidai, na baadhi zimelilegeza, lakini bado limeenea vya kutosha kumkwamisha asiyelitarajia. Kinachopimwa ni uwezo wa kusoma maandishi ya kitaaluma, kwa kawaida kwa kutafsiri kifungu kuelekea Kiingereza ndani ya muda maalumu huku kamusi ikiruhusiwa, au kwa kuonyesha kuwa mwanafunzi amefaulu kozi ya lugha ya kiwango cha kati. Kwa desturi lugha zenyewe zilikuwa Kifaransa, Kijerumani na Kilatini, na Mmarekani wa kawaida huanza kuisoma mojawapo akiwa amechelewa.

Mzungumzaji wa Kiswahili anaingia akiwa na lugha nyingine tayari mfukoni. Hata hivyo haihesabiwi bila kuombwa. Zipo idara zinazokubali lugha yoyote ambayo mwanafunzi anaisoma vizuri, na zipo zinazotaka lugha iwe na uhusiano na utafiti wake. Mwanafunzi aombe kwa maandishi katika muhula wa kwanza, akiambatisha matokeo ya Kiswahili ya kidato cha nne au kozi za chuo, na aeleze kwa nini lugha hiyo inamhusu. Anayetaka kuandika kuhusu Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, hahitaji maneno mengi kuonyesha kwamba Kiswahili ni lugha ya utafiti wake. Anayeandika kuhusu ushairi wa Uingereza wa karne ya 17 ana kazi ngumu zaidi, na pengine akubali kusoma Kilatini. Wenzetu wa Kongo na Burundi waliosoma kwa Kifaransa wana njia fupi kuliko wote, kwani wanaweza kukaa kwenye mtihani huo mwezi wa kwanza na kulimaliza jambo. Jibu la idara, likija, lihifadhiwe kwa maandishi. Kauli ya mdomo ya mwenyekiti wa idara ambaye miaka miwili baadaye amekwisha kubadilishwa haitasaidia kitu siku ya kukagua faili.

Kisha kuna tasnifu au mtihani wa jumla. Katika programu nyingi mwanafunzi huchagua kimoja, katika nyingine hufanya vyote. Mtihani wa jumla hujengwa juu ya orodha ya vitabu ambayo idara imeitoa au mwanafunzi ameitunga pamoja na walimu wake, na huandikwa kwa saa kadhaa au huulizwa kwa mdomo mbele ya jopo. Ugumu wake ni kwamba haufungamani na kozi yoyote. Mtu anaweza kupata A katika semina zote 10 na bado akashindwa kueleza uhusiano wa vitabu viwili vilivyopishana kwa miaka 200, kwa sababu hakuna semina iliyowahi kuviweka pamoja. Anayeanza kuisoma orodha hiyo katika likizo ya mwaka wa kwanza anaifikia siku ya mtihani akiwa ametulia.

Tasnifu kwa kawaida ni ya kurasa 50 hadi 100, hubeba krediti 6 hivi katika zile 30, na husimamiwa na kamati ya watu watatu. Idadi ya kurasa si tatizo. Tatizo ni kamati. Msimamizi mkuu anaweza kuwa katika likizo ya utafiti mwaka unaohitajika, na wahadhiri wengi wa Marekani huajiriwa kwa miezi tisa, hivyo mwanafunzi anayepanga kutetea tasnifu mwezi Julai hukuta ofisi zimefungwa. Kabla ya kumwomba mtu awe msimamizi, mwanafunzi amuulize kwa adabu lakini waziwazi atakuwa wapi miezi 12 ijayo na anahitaji siku ngapi kusoma sura moja. Kwa malezi yetu swali hilo linaonekana kama kumhoji mkubwa. Huko ni la kawaida, na asiyeuliza ndiye anayeonekana hajajipanga.

Wengi hugharimia masomo kwa kazi ya usaidizi wa ufundishaji, ambayo hufuta au kupunguza ada na kutoa posho. Kazi yenyewe mara nyingi ni kuwafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza jinsi ya kuandika insha, kwa hiyo mtu kutoka Mwanza au Mombasa atajikuta akimsahihishia Mmarekani wa miaka 18 Kiingereza chake, na kazi hiyo ataifanya vizuri tu. Mwanafunzi wa kigeni huweza kutakiwa kwanza kupita mtihani wa kuzungumza na kozi ya mbinu za kufundisha uandishi, na kozi hiyo si lazima ihesabiwe ndani ya krediti 30, jambo la kuulizwa kabla ya kusaini mkataba. Vyuo vilivyotia saini makubaliano ya Council of Graduate Schools, umoja wa vyuo vyenye masomo ya uzamili, humpa mwombaji hadi Aprili 15 kujibu ahadi ya ufadhili, hivyo asikubali kuharakishwa mwezi Februari na chuo kilichomo kwenye orodha hiyo.

Yanabaki makaratasi ya mwisho, ambayo kila mwaka huwachelewesha watu waliokwisha kumaliza kila kitu. Shahada yote hupewa ukomo wa muda, kwa kawaida miaka 5 hadi 7 tangu kozi ya kwanza, na kozi iliyovuka ukomo huo hufutwa katika hesabu. Vyuo vingi hudai mwanafunzi awe amesajiliwa katika muhula anaotetea tasnifu, hata kama ni kwa krediti 1 tu, na ombi la kuhitimu huwasilishwa mwanzoni mwa muhula wa mwisho na si baada ya utetezi. Nakala ya mwisho ya tasnifu hukaguliwa pambizo, namba za kurasa na ukurasa wa saini, na inaweza kurudishwa kwa kosa la nusu inchi. Jina la mhitimu liandikwe kwenye ombi hilo kama lilivyo katika pasipoti na cheti cha shahada ya kwanza, maana Mtanzania anayerudi na shahada hii atahitaji kutambuliwa kwake na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, na majina yanayotofautiana huanzisha safari ya viapo na wanasheria. Kwa sababu hiyohiyo, kabla ya kuondoka chuoni achukue transkripti rasmi mbili au tatu zilizofungwa na chuo katika bahasha, na asizifungue.