Tangazo la "simu yako ina virusi" halijakagua chochote

Wengi huamini kwamba ujumbe mwekundu unaojitokeza ghafla mtandaoni, "Simu yako ina virusi 13, safisha sasa", umetokana na ukaguzi wa kweli. Ukurasa wa wavuti hauna uwezo huo. Kivinjari (programu unayofungulia tovuti, kama Chrome) huuzuia kupekua mafaili yako. Hiyo 13 imeandikwa tu. Hata aina ya simu yako ikitajwa (hapo ndipo watu hushtuka), mara nyingi kivinjari chenyewe ndicho kilichoitaja kwa tovuti. Hatari halisi ni kupakua hicho "kisafishaji". Funga ukurasa. Ujumbe ukiendelea kuja, fungua mipangilio ya kivinjari, sehemu ya arifa, utazame tovuti ulizoziruhusu: mara nyingi mkosaji yumo humo, na kumwondoa ni kugusa mara moja.