Kabla hujabonyeza shata, uliza mzigo unaenda wapi

Kuna swali naletewa kila wiki na vijana wanaoanza kupiga picha za majengo hapa Dar. Wananitumia picha ya ghorofa la Posta alafu wanauliza, kaka mbona jengo ukiliona kwa macho linavutia ila kwenye picha limelala? Kamera nzuri, anga la bluu, kila kitu kipo. Nikiangalia naona tatizo ni lile lile, picha imeonyesha sura ya jengo ila haijaonyesha limesimamaje. Yani ukiitazama huwezi kujua nini kinabeba nini. Na mi naamini kabisa kwamba picha ya umbo, liwe la jengo, la mti au la daraja, inaanza kuishi pale mtu akiweza kufuata mzigo kwa macho kutoka juu mpaka chini.

Hili sikulijua mwenyewe, nilifundishwa site. Miaka ya mwanzo nilikua natumwa na msanifu majengo mmoja kupiga picha za maendeleo ya ujenzi huko Mbezi, sa siku hiyo nimefika slabu ya kwanza inasukwa nondo, nikamkuta mzee anayesimamia mafundi, nikamwamkia, shikamoo mzee, akaitikia marahaba mwanangu, alafu akaniangalia navyozunguka akaniuliza, unapiga nini? Nikamwambia napiga jengo. Akanishika mkono akanipeleka kwenye bimu. "Zege mwanangu linapenda kubanwa, ukilivuta linakatika. Anayevutwa hapa ni nondo." Akanionyesha nondo nene katikati ya bimu zimelala chini, ila ukifika pale bimu inapopita juu ya nguzo zinahamia juu. Nikauliza kwa nini. Akasema bimu ikibebeshwa inashusha tumbo, kwaiyo katikati panapovutwa ni chini, ila ikifika juu ya nguzo inataka kuvunjika mgongo, hapo panapovutwa ni juu. Nilisimama pale kama nusu saa. Nilikua nimepiga picha za nondo mara mia na sijawahi kuziona. Siku hiyo nikapiga picha moja tu ya maana, mstari wa nondo unashuka na kupanda kama wimbi kutoka nguzo hadi nguzo, na mpaka leo wateja wapya nawaonyesha hiyo kwanza kabla ya picha yoyote ya jengo lililokamilika.

Chukua soko la Kariakoo. Lile jengo la miaka ya 70 alilolisanifu Beda Amuli, paa lake ni zege lililofinyangwa kama miavuli iliyogeuzwa juu chini, au sema funeli, shina liko katikati na ukingo umetanuka kwenda nje. Watu wengi walikua wanalipiga kutoka mtaani, wanapata ukuta wa vibanda na msongamano na juu kabisa kipande cha paa. Picha inajaa watu (na watu wa Kariakoo wanastahili picha zao) ila umbo halionekani. Umbo lipo ukisimama ndani sakafu ya juu, ukainua macho. Pale unaona kila funeli inakusanya mzigo wa paa kutoka kwenye kingo zake inauleta katikati kwenye nguzo moja, na maji ya mvua yanafata njia hiyo hiyo. Njia ya mzigo na njia ya maji ni moja! Ukishaelewa hivyo unajua pa kusimama, chini ya mahali funeli mbili zinapokutana, ili shina la kushoto na la kulia yote yaingie kwenye fremu na pengo la mwanga liwe katikati. Nina picha kadhaa za pale za kabla ya moto wa Julai 2021 na nashukuru kila siku kwamba nilizipiga, japo najuta sikupiga zaidi viungo, pale nguzo inapoanza kutanuka. Hivyo ndo vitu ambavyo jengo likiharibika mafundi wanavitafuta.

Sasa twende kwenye mwanga, na hapa naomba mnisikilize vizuri kwa sababu mafunzo mengi ya mtandaoni yametengenezwa na watu wa Ulaya na Marekani, jua lao sio letu. Dar ipo kama nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Jua linachomoka saa 12 na dakika kadhaa asubuhi alafu linapanda karibu wima, kwaiyo ikifika saa 3 tayari lipo juu sana na vivuli vimekua vifupi. Ule mwanga laini wa asubuhi ambao wenzetu wanaufaidi masaa mengi, sisi tuna kama saa moja na nusu hivi, basi. Jioni vile vile, na giza likianza kuingia linaingia kweli, ile bluu ya anga baada ya machweo unaipata kama dakika 20 tu. Mwanzoni mwa Machi na tena karibu tarehe 10 Oktoba jua la mchana linapita utosini kabisa, nguzo ya bendera haina kivuli. Siku hizo mchana mi sitoki na kamera.

Kitu kingine ambacho watu hawakizingatii, kuanzia katikati ya Oktoba mpaka Februari jua la mchana linakaa upande wa kusini, kuta zinazotazama kusini ndo zinapata mwanga, alafu kuanzia Machi linahamia kaskazini mpaka mwanzoni mwa Oktoba. Kwaiyo kuna majengo ambayo yana msimu wake kama embe. Nina jengo moja mjini nimelisubiri miezi minne mpaka jua lihamie upande wake.

Na kuna pahala jua kali la mchana ndo mwanga sahihi. Yale majengo ya miaka ya 50 na 60 katikati ya mji, yenye mabamba ya zege yaliyochomoza juu ya madirisha au vibamba vya kuzuia jua, kazi za kina msanifu Anthony Almeida na wenzake wa enzi zile. Mabamba hayo yaliwekwa kwa ajili ya saa 6 mchana. Ukiyapiga asubuhi yanaonekana kama mapambo. Ukija mwezi wa 6 mchana, ukuta unaotazama kaskazini, jua limekaa kama nyuzi 60 juu ya upeo, unakuta bamba limetupa kivuli limelifunika dirisha lote chini yake. Hapo picha inaeleza kila kitu, huhitaji hata maelezo chini.

Habari ya majengo kuinama kwa nyuma niseme haraka. Ukiinua kamera juu, mistari iliyosimama inakutana, jengo linaonekana linaanguka chali. Dawa yake ni kamera iwe sawa kabisa, usawa wa maji kama fundi, alafu rudi nyuma mpaka jengo liingie, au panda ghorofa ya 3 au ya 4 ya jengo la mbele yake. Nikikosa pa kurudi natumia lenzi ya shifti, ambayo inapandisha taswira bila kuinamisha kamera. Kama unatumia simu, achana na ile lenzi pana ya nukta tano (0.5x), nenda mbali utumie zumu ya mara 2, na acha nafasi pembeni ya jengo kwa sababu ukija kunyoosha kwenye programu lazima utakata kingo.

Nyaya za Daraja la Nyerere kule Kigamboni nazo zinafuata swali lile lile. Kila waya umekazwa, unavuta barabara kuipeleka kwenye mnara, na mnara unabanwa kwenda chini. Kwaiyo ukiukata mnara kwenye picha, umekata mahali mzigo wote unapokwenda. Naona picha nyingi sana za pale zenye nyaya nzuri na hakuna mnara, zinanisumbua.

Tukija kwenye maumbile, mwalimu wangu mkubwa ni mikoko. Kunduchi, Mbweni, nenda popote panapokua na tope la pwani. Mkoko wenyewe, ule wenye mizizi inayotoka shinani kama miguu, umeshusha mzigo wake kwa matao mengi madogo badala ya mguu mmoja, kwa sababu tope halibebi kitu kizito mahali pamoja. Fundi wa msingi angekwambia vile vile, udongo laini, tanua msingi. Pembeni yake utakuta mchu, huo mizizi yake inachomoza kutoka kwenye tope kama penseli elfu, hiyo haibebi kitu, inavuta hewa. Kwaiyo picha zake ni mbili tofauti kabisa. Mkoko upige kutoka chini, lenzi usawa wa magoti au chini zaidi, uone matao yanavyopokezana. Mchu upige kutoka juu kidogo na jua la ubavuni, ili kila penseli itupe kivuli chake.

Shida ni maji. Huku kwetu bamvua (yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwandamo) likiwa kamili, maji yanakupwa kabisa kama saa 4 hadi saa 5 asubuhi, yani mizizi yote ipo wazi ila jua limeshapanda na linachoma. Na siku maji yanakupwa alfajiri, hapo ni maji mafu, hayaondoki vya kutosha, mizizi nusu imezama. Nimepigana na hili miaka mingi, mwisho nikapata suluhu, naenda siku moja au mbili kabla ya mwezi mpevu au mwandamo, maji yanakupwa kama saa 3 hivi, tope limefunguka karibu lote na jua bado lina ubavu. Au nasubiri siku ya mawingu, mwanga unakua laini chini ya majani na matao ya mkoko yanatoka vizuri sana bila vile vidoa vya jua vinavyopasua picha. Waulize wavuvi wa pale kabla hujaingia, wanajua maji yanarudi saa ngapi na kwa njia ipi, na vaa viatu vya kufunga.

Sio lazima uende mbali lakini. Mjerumani mmoja, Karl Blossfeldt, alikua mwalimu Berlin na kwa miaka mingi alipiga picha za mimea ya kawaida kabisa akiikuza mpaka mara 30, ili wanafunzi wake waone namna mmea unavyojijenga. Chipukizi lake la kangaga (fern) utadhani fimbo ya askofu. Hata kamera aliitengeneza mwenyewe. Mi nikaanza na mpapai wa nyumbani. Kata kikonyo cha jani la mpapai, kile ambacho tukiwa watoto tulipulizia mapovu ya sabuni. Ndani ni tupu. Bomba. Na linabeba jani kubwa kama sinia kwenye upepo wa kusi bila kukatika, kwa sababu kwenye kitu kinachopindwa nguvu inafanya kazi pembeni, katikati haina kazi kubwa, ndo maana mabomba ya jukwaa la ujenzi nayo matupu. Kata kipande chembamba, kiweke kwenye kioo cha dirisha mwanga uje kwa nyuma, simu yenye makro (ya kupiga vitu kwa karibu sana) inatosha. Jani lenyewe pia libandike hapo hapo, mishipa yake inagawanyika kutoka kikonyoni kama barabara.

Vifaa sitaki kuongelea sana. Unyevu wa Dar unaotesha ukungu ndani ya lenzi, nimepoteza lenzi mbili hivyo, kwaiyo weka kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana na vile vipakiti vya kunyonya unyevu. Ukitoka kwenye kiyoyozi acha kamera ndani ya begi kwanza ipate joto, la sivyo kioo kinatoka jasho.

Ruhusa ni muhimu kuliko lenzi. Bandarini, Ikulu, maeneo ya jeshi, usijaribu. Droni ina vibali vyake kutoka mamlaka ya anga. Na majengo ya watu binafsi ongea na mlinzi kwanza, nilishawahi kufutishwa kazi ya siku nzima kwa sababu nilianza kupiga kabla ya kusalimia.

Jumamosi hii naenda kwa wauza mbao, kuna gogo la mnazi wanapasua. Mnazi hauna pete kama mninga, una vidoa vyeusi, na vidoa hivyo vimesongamana karibu na gome alafu vinaachana ukielekea katikati, kule kule pembeni ambapo kikonyo cha papai kimeweka nyama yake. Vinaonekana vizuri msumeno ukiwa ndo umetoka, mbao bado mbichi, kwaiyo nimeshawaambia wanisubiri nifike saa 1 asubuhi, kabla hawajawasha mashine.