Ndewe imechanika, sikio limejaa damu, mtoto kazaliwa na sikio dogo: maswali mnayoniuliza hapa Tabora

Mwangaluka wadau. Tangu niropoke kwenye kikao cha akina mama kule Ng'ambo kwamba sikio lililoharibika linatengenezeka, simu yangu haipumui. Mi ni nesi, sio daktari wa upasuaji, ila nimeshika mkasi pembeni yao miaka mingi, kwahiyo naandika hapa mara moja nisirudie kwa kila mtu.

Dada, ndewe yangu imechanika mpaka chini kwa hereni nzito, mwaka wa nne huu. Nimechelewa?

Hujachelewa, hata ingekuwa miaka kumi. Shida ni kwamba kingo za mchaniko wa zamani zimeshaota ngozi, sasa ukizibana tu hazishikani (kuna mtu alikuja kapaka gundi ya viatu, jamani!). Dokta anachoma ganzi, anakata ule ukingo pande zote mbili mpaka anafika kwenye nyama mbichi, ndo anashona, na siku hiyohiyo unarudi zako nyumbani. Nyuzi zinatoka baada ya wiki hivi. Kutoboa tena subiri kama miezi 3 na usitoboe juu ya kovu, toboa pembeni yake. Na kazi hii sio ya kizungu wala ya juzi, tabibu Sushruta wa India ya kale anatajwa kuunga ndewe zaidi ya miaka 2,000 iliyopita.

Ila kama imechanika leo, mtoto kaivuta hereni au kibaka kakwapua ukiwa kwenye boda, nenda leo.

Nilitoboa likaota donge gumu kama punje ya zabibu na linakua. Likatwe?

Hilo ni keloidi, sio kansa, na sisi wenye ngozi nyeusi linatupenda sana. Kulikata peke yake ndo kosa ninaloliona kila siku, maana mara nyingi linarudi na likirudi linaweza kuwa kubwa kuliko la kwanza. Mpango mzuri ni kukata pamoja na sindano za kuchoma palepale kwenye donge, zinarudiwa kila baada ya wiki kadhaa, na wengine wanavalishwa hereni maalum ya kubana. Kama kwenu mnaota makeloidi mwambie dokta kabla hajakushona chochote, usisubiri akuulize.

Kijana wangu kapigwa kwenye mpira, sikio limevimba laini kama puto. Nimkande?

Usimkande, mpeleke. Hili ndo swali linaloniuma kuliko yote kwa sababu watu wanakuja wiki mbili baadaye. Iko hivi, sikio limeshikiliwa na gegedu, ile ngumungumu ukiikunja inarudi, na gegedu haina mishipa yake ya damu, inakula kutoka kwenye utando uliolalia juu yake. Damu ikijaa katikati ya utando na gegedu basi gegedu inashinda njaa, inakufa, afu mwili unajaza gegedu nyingine shaghalabaghala na sikio linakuwa la mabonge kama la wapigana mieleka. Ndani ya siku chache za mwanzo ni kazi ndogo tu, wanapasua kidogo, damu inatoka, wanabana na gozi (kile kitambaa cheupe cha kufungia kidonda) ili isijae tena. Ikishaganda ikawa ngumu hiyo ni oparesheni nyingine kabisa. Na tafadhali usichome sindano mwenyewe nyumbani, usaha ukiingia kwenye gegedu utajuta.

Ugomvi wa kilabuni, mtu kang'atwa kipande kimetoka. Tunakitupa?

Msikitupe! Kisuuzeni kwa maji safi, kizungusheni kwenye gozi au kitambaa safi chenye unyevu, kitieni kwenye mfuko wa nailoni mfunge, afu mfuko huo ndo uwekwe kwenye maji yenye barafu, hata zile barafu za vifuko za dukani zinafaa. Kipande kisigusane na barafu yenyewe. Asali yetu ya Tabora naiheshimu sana lakini hapo msiimimine. Nisiwadanganye, kipande kikubwa mara nyingi hakishiki kikirudishwa, ila bila kipande dokta hana hata pa kuanzia. Meno ya binadamu ni machafu, kwahiyo atahitaji antibayotiki na sindano ya pepopunda. Kama ni mbwa, oshea jeraha sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima kisha wahi chanjo ya kichaa cha mbwa.

Mjukuu wangu kazaliwa na sikio moja kama karanga, tundu halionekani. Wanasema mama yake alimcheka mlemavu.

Bibi shikamoo. Mama yake hajamcheka mtu, sikio halikukamilika kujiumba tumboni basi, na mara nyingi huwa la kulia. Kitu cha kwanza sio sura, ni kupimwa usikivu. Kama sikio la pili linasikia vizuri mtoto ataongea kama wenzake, shuleni akae mbele na sikio zima lielekee kwa mwalimu. Yakiwa yote mawili asisubiri kukua, kuna kifaa kinafungwa kichwani kwa mkanda kinapitisha sauti kwenye mfupa.

Kuumba sikio lenyewe kunasubiri mpaka miaka 6 hadi 10, maana gegedu inachukuliwa kwenye mbavu zake na lazima iwe imetosha. Inachongwa umbo la sikio, inafukiwa chini ya ngozi, miezi mingine inapita ndo wanalinyanyua lisimame. Daktari Radford Tanzer wa Marekani aliielezea njia hii mwaka 1959 na mpaka leo wanaifuata kwa marekebisho. Sikio hilo ni la sura, halimletei usikivu, hiyo ni habari nyingine. Na mtoto mwenyewe aulizwe kama analitaka, kifua kitamuuma yeye sio nyie.

Tuanzie wapi?

Hospitali ya Kitete hapa Tabora, kwa daktari wa masikio, pua na koo. Kuumba sikio jipya mtapewa rufaa, Bugando ya Mwanza au Muhimbili ya Dar, kwahiyo nauli anzeni kuiweka. Bibi, hicho kipimo cha usikivu usikisubirishie nauli, mpeleke mjukuu wiki hii.