Je, Wajua kwa Nini Roma ya Kale Iko Chini ya Barabara za Leo?

Mkazi wa Nairobi anayepanga kwenda kuiona Roma huanza na ramani: anatia alama Colosseum, anatia alama Vatikani, anatia Pantheon, kisha anahesabu siku. Lakini kuna jambo kubwa ambalo ramani haiwezi kumwonyesha. Sehemu kubwa ya Roma ya kale iko chini ya Roma ya leo, mita kadhaa ardhini, na mgeni hupita juu yake siku nzima akitafuta mambo ya kale.

Imefikaje huko chini? Si kwamba majengo yalizama. Ardhi ndiyo iliyopanda.

Mto Tiber una mkono katika hilo. Kwa karne nyingi ulifurika, na kila ulipofurika uliacha tope mitaani. Ni baada ya mafuriko ya Desemba 1870 ndipo serikali ilipoamua kujenga kuta ndefu za kuuzuia, kazi iliyoanza mwaka 1876 na kuchukua miongo kadhaa. Halafu kuna moto na kubomoka kwa nyumba. Kubeba vifusi kuvitoa mjini ilikuwa kazi ngumu. Rahisi ilikuwa kuvisawazisha na kujenga juu yake. Mahali pengine watawala walifukia kwa makusudi kabisa. Jumba la kifahari la Kaisari Nero, lililojengwa baada ya moto mkuu wa mwaka 64 BK, lilijazwa udongo na Kaisari Trajan akajenga juu yake mabafu ya umma. Karne ya 4, Kaisari Konstantino naye alifukia makaburi na kuchonga mteremko wa kilima cha Vatikani apate uwanja wa kujengea kanisa la Mtakatifu Petro.

Ila sababu inayonigusa zaidi ni kuachwa. Katika enzi yake ya fahari Roma inakadiriwa kuwa na watu takriban milioni moja. Mwaka 537 Wagothi walipouzingira mji walikata mifereji iliyoleta maji kutoka mbali. Watu walizidi kupungua, waliobaki wakasogea karibu na mto, na Forum, pale palipokuwa moyo wa dola nzima, pakaota majani. Pakawa malisho, hata wenyeji wakapaita uwanja wa ng'ombe. Sisi tuliozoea kuona Wamaasai wakipitisha mifugo kando ya barabara za Nairobi wakati wa kiangazi hatuoni ugumu kuipata picha hiyo. Pasipo mtu wa kufagia, vumbi, majani yaliyooza na udongo ulioteremka kutoka vilimani vikafukia nguzo taratibu, kizazi baada ya kizazi. Ukiwa Forum, tafuta hekalu la Antoninus na Faustina, ambalo ndani yake pana kanisa. Utaona mlango wa kanisa ukining'inia juu sana, haufikiki kwa mguu. Hapo mlangoni ndipo ardhi ilipokuwa mlango huo ulipowekwa. Wachimbaji wa karne ya 19 ndio walioishusha tena.

Pantheon, hekalu la kale la miungu, inathibitisha hoja hii kwa upande wa pili. Kaisari Hadrian aliikamilisha karibu mwaka 126, na mwaka 609 ikageuzwa kanisa. Kwa kuwa haikukosa watu wa kuitunza, ingali imesimama na kuba lake lenye kipenyo cha mita 43, na watu wanasali ndani. Ngazi zilizokuwa mbele yake tu ndizo zilizomezwa na ardhi.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayepanga safari ni huu: panga kwenda chini. Siku tatu za kushuka vizuri katika sehemu chache zina faida kuliko wiki ya kukimbilia kila alama ya ramani. Ningekuwa na asubuhi moja tu Roma, ningeipeleka Basilika ya San Clemente, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Colosseum. Unaingia kanisa la karne ya 12. Unashuka ngazi, unajikuta katika kanisa jingine la karne ya 4, lenye michoro ukutani. Unashuka tena: vyumba vya karne ya 1, njia nyembamba kati ya majengo, na hekalu dogo la mungu Mithras, huku maji yakisikika yakipita ardhini. Padre wa Kidominika kutoka Ireland, Joseph Mullooly, alianza kuchimba hapo mwaka 1857. Kwa mtu wa Nairobi, mji ulioanza na reli mwaka 1899 na unaozidi kukua kwenda juu kule Upper Hill, ngazi zile zinafundisha zaidi ya kitabu.

Sasa matayarisho. Viza ya Schengen, ile ya kuingia nchi nyingi za Ulaya ikiwemo Italia, itangulie yote: maombi hupokewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na yasiwe chini ya siku 15 kabla. Bima ya safari iwe na kinga isiyopungua euro 30,000, na pasipoti iwe na angalau miezi mitatu ya uhai baada ya tarehe ya kuondoka Ulaya. Tiketi za Colosseum hutolewa kwa saa maalumu na huandikwa jina la mwenyewe, kwa hiyo usizinunue kabla viza haijatoka. Ukitaka kushuka kwenye mahandaki ya uwanja huo walimokaa wapiganaji na wanyama, chagua tiketi inayosema hivyo. Ya kawaida haikufikishi. Makaburi yaliyo chini ya kanisa la Mtakatifu Petro yanahitaji ombi la maandishi kwa ofisi ya uchimbaji ya Vatikani, nalo litume mapema sana kwani nafasi ni chache. Beba sweta hata ukienda Julai, maana ndani ya jumba la Nero kuna baridi na unyevu, na uvae viatu visivyoteleza.

Ambaye magoti hayamruhusu ngazi nyingi bado ana pa kwenda. Largo Argentina, karibu na alipouawa Julius Caesar mwaka 44 KK, unasimama tu barabarani ukatazama mahekalu manne chini yako. Na kituo cha treni ya chini ya ardhi cha San Giovanni, kilichofunguliwa mwaka 2018, kimepambwa kwa vitu vilivyopatikana wakati wa kukichimba; kuta zake zinakutajia umefika enzi gani kadiri unavyoteremka, na kinachohitajika ni tiketi ya kawaida ya treni.